Ufuniko wa Namna Mbili

(Mazungumzo ya redio, Jumapili asubuhi. Masomo: Zaburi 32:1–5 na Mithali 28:13)

Tunaozungumza nanyi asubuhi hii ni wazee wa kanisa moja dogo la Junda, upande wa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Anayeijua Junda anajua mikoko yake na matope yake. Anajua pia kwamba maji yetu hayakai. Yakijaa huja mpaka mizizini mwa mikoko, na yakipwa hushuka katika hori la Tudor, yakapita Bandari ya Kale, yakapita mbele ya Ngome ya Yesu, ndipo yaingie bahari kuu. Kasia likikuponyoka kwetu wakati wa kupwa, usilitafute kwetu. Limeshateremka Ngomeni.

Na hapo Ngomeni, chini ya kuta zile, ndani ya maji yayo hayo yatokayo kwetu, imelala manowari.

Jina lake ni Santo António de Tanná. Ilikuwa meli ya vita ya Wareno yenye mizinga 42, nayo iliundwa Bara Hindi kwa mbao za msaji. Ili tuelewe ilifikaje chini, hatuna budi kukumbuka vita vya ngome ile. Mwezi wa Machi 1696 Waarabu wa Omani waliizingira. Ndani walikuwamo askari wachache wa Kireno, pamoja na wenyeji wengi, wanaume kwa wanawake na watoto, waliokimbilia humo. Msaada ulifika siku ya Krismasi mwaka huo huo, lakini ugonjwa uliingia nao ukaua watu kuliko risasi. Ilipokaribia Septemba 1697 askari wa Kireno walikuwa wamekwisha wote. Je, nani aliyeilinda ngome? Ililindwa na Daudi wa Faza, mtu wa mwambao huu, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

Ndugu zetu, hebu tutue hapo kidogo. Wanawake hamsini. Vitabu vya historia huwahesabu kwa tarakimu tu, wala havituambii jina la hata mmoja wao. Walishika zamu za ukutani usiku, huku wafu wao wakiwa wangali uani bila kuzikwa vema, na makapteni waliokuja baadaye wakaandikwa majina yao. Sisi tunaamini kwamba yuko Mwandishi mwingine mwenye kitabu kingine, na katika kitabu hicho wanawake wale si tarakimu. Tena, tukiwa tunasema ukweli, hatuwezi kupita bila kuona haya kidogo kwamba jina la Bwana wetu liliwekwa juu ya nyumba ya mizinga. Jina juu ya lango ni kitu kimoja, na yanayotendeka ndani ya lango ni kitu kingine. Neno hilo tutalirudia, maana halikuwahusu Wareno peke yao.

Basi katikati ya Septemba 1697 manowari ile ilifika na msaada. Ikatia nanga chini ya ngome, mahali ambapo adui aliweza kuipiga. Kamba zake zikakatika, maji yakaichukua, ikagonga, usukani wake ukaharibika. Mwezi wa Oktoba ikazama pale pale mbele ya watu iliokuja kuwaokoa. Ngome yenyewe ilishikilia mwaka mmoja zaidi, ikaanguka tarehe 13 Desemba 1698. Juma moja tu baadaye merikebu nyingine za msaada zikatokea baharini. Zilikuta bendera imekwisha badilishwa, zikaondoka.

Matope yakaja juu ya meli ile. Hakuna aliyeyaagiza. Kila maji yalipopwa yalileta kidogo, na yalipojaa yakaleta kidogo, mwaka baada ya mwaka. Wavuvi walipita juu yake kwa madau yao wasijue, na nyavu zikinasa walisema ni mwamba. Ilikaa hivyo zaidi ya miaka 260, hata katika miaka ya 1960 wazamiaji wa Mombasa wakaiona. Kuanzia 1977 hata 1980, Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na chuo cha Kimarekani cha elimu ya merikebu za kale waliifanyia kazi, kiongozi wao akiwa Robin Piercy.

Mwaka huu tuliwapeleka vijana wetu Ngomeni kuviona vitu vilivyotolewa humo. Wameviweka vizuri: vyombo vya kauri vya Kichina, mitungi mikubwa, makapi ya kamba, mizinga. Vijana walitaka kujua zaidi namna watu walivyofanya kazi chini, nasi tuliwaeleza tuliyoyajua, kwa kuwa katika kanisa letu wazamiaji hawakosekani, ingawa wengi wao huzama kwa pumzi yao tu.

Meli imelala kina cha meta 15 na zaidi. Mtu anayeshuka huko hubeba mtungi wa hewa mgongoni na kuvaa kioo usoni. Maji ya hori si kama maji ya kwenye miamba ya nje. Yana tope, mkondo ni mkali, na mara nyingine mtu haoni mbali kuliko mkono wake. Akiwa chini, uzito unaomlemea ni mara mbili na nusu ya uzito wa hewa ya huku juu, na hewa anayoivuta huingia katika damu yake kwa wingi. Kwa sababu hiyo haruhusiwi kukaa apendavyo, wala haruhusiwi kupanda kwa haraka. Akipanda mbio, hewa ile hutoka povu ndani ya damu, kama soda iliyofunguliwa ghafula. Viungo humwuma, huweza kupooza, huweza kufa. Hupanda polepole, husimama njiani akangoja, akapanda tena.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira kuliko tulivyodhani. Walitandika vyuma vilivyogawanya eneo lote katika miraba, kama madaftari ya hesabu ya watoto. Walifyonza matope kwa bomba. Kila walichokikuta walikipima mahali kilipolala kabla ya kukitoa, wakakichora huko huko chini ya maji. Wakaifunua meli, mbao kwa mbao, mkuku na mataruma yake.

Kisha wakaifunika tena.

Hapo kijana wetu mmoja, ambaye huwa hasemi, aliuliza: "Sasa kama waliifunika tena, walijisumbua nini? Si wangeiacha na matope yake?"

Jibu la fundi ni rahisi. Mbao zilizokaa baharini karne tatu zimelewa maji, na zikikauka ovyo hupasuka na kujikunja. Huko Sweden, manowari iitwayo Vasa, iliyozama mwaka 1628, iliinuliwa mwaka 1961, na baada ya hapo ilinyunyiziwa dawa miaka 17 mfululizo ili isiharibike. Fedha na nyumba ya kazi ya namna hiyo si jambo dogo. Basi wataalamu wa Mombasa, walipokwisha kupima na kuandika yote, walitoa vitu walivyoweza kuvitibu, wakairudishia meli mchanga juu yake ili ihifadhike. Nayo iko huko hata leo.

Lakini swali la kijana lilitufuata hadi kwenye matatu, likavuka nasi daraja la Nyali, likafika Junda. Nasi tulipofungua Biblia tulilikuta humo. Tazameni Zaburi ya 32. Mwanzoni kabisa Daudi anamwita heri mtu ambaye dhambi yake imefunikwa. Mistari michache mbele, mstari wa 5, anasema kwamba yeye mwenyewe hakuufunika uovu wake, akamwambia Bwana, ndipo akasamehewa. Na katikati anaeleza alivyokuwa siku za kunyamaza, jinsi mifupa yake ilivyochakaa na nguvu zake kukauka kama nchi wakati wa kiangazi. Sasa fungueni Mithali 28, mstari wa 13: huko twaambiwa afunikaye dhambi zake hatafanikiwa. Katika Kiebrania, mahali pote patatu, neno la kufunika ni lile lile moja. Je, Maandiko yanapingana? La. Ni nani anayefunika, na anafunika kabla ya kufunua au baada? Kuna ufuniko wa matope, ujao wenyewe kidogo kidogo, mpaka wapitao juu wanasema ni mwamba. Na kuna ufuniko wa mwisho wa kazi, kila ubao ukiwa umekwisha pimwa.

Wapendwa, tungeishia hapo, lingekuwa somo zuri, nanyi mngeenda kunywa chai. Lakini hatukuja redioni kwa sababu ya manowari.

Miaka mingi iliyopita kanisa letu lilikuwa la makuti. Tulichanga fedha za mabati. Akina mama waliuza maandazi na viazi karai, wavuvi walitoa fungu katika kamba na samaki wao. Fedha ziliwekwa katika kasha la bati lenye funguo mbili. Mmoja alikuwa nao mtunza hazina, mzee mwenzetu. Wa pili alikuwa nao kijana aliyefundisha Shule ya Jumapili, kwa kuwa yeye ndiye aliyefungua kanisa alfajiri. Siku tuliyokwenda kununua mabati, kasha lilikuwa tupu, na kufuli haikuvunjwa.

Hatukuita polisi. Hatukumshtaki kijana. Tungalimshtaki, angalau angalipata nafasi ya kujibu. Tulinyamaza. Tukamwomba ule ufunguo "kwa muda". Darasa la Shule ya Jumapili tukampa mwingine, "ili yeye apumzike". Akina mama wakasogeza mikoba yao alipokaa karibu nao. Baada ya Pasaka hakuonekana tena, nasi tukaambiana kwa macho kwamba mwenye hatia hujikimbiza mwenyewe. Mwaka uliofuata tukachanga upya, tukaezeka, tukaimba, tukapiga picha. Jina la Bwana lilikuwa juu ya mlango wetu wakati wote huo.

Mtunza hazina alikuwa pamoja nasi Ngomeni siku ile. Njiani kurudi hakusema neno, tukadhani amechoka. Siku ya tatu alituita nyumbani kwake. Ni mzee sana sasa, hutembea kwa mkongojo. Akasema fedha za mabati alizichukua yeye. Alikuwa na deni la nyavu na mashine ya mashua, akakusudia kuzirudisha msimu wa samaki ukifika. Msimu ukafika na samaki wakakataa. Baada ya hapo kila Jumapili ilikuwa ngumu kusema kuliko Jumapili iliyotangulia.

Tuliomba pamoja naye, na hapo hatukukosea. Tulikosea katika mkutano wa wazee juma lile. Wengi wetu tulisema, mambo ya kale hayo, mzee ametubu, Mungu amemsamehe, na yule kijana ana maisha yake mahali pengine, kwa nini tumsumbue? Tufunike. Mwenyekiti wa akina mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, mnataka kufunika kitu ambacho hamjakipima. Na huo mchanga, mnaumwagia juu ya nani?"

Hakuna aliyemjibu.

Basi tukaenda. Kijana yule, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto, anakaa Likoni. Safari ya kwanza tulivuka feri watu wanne, tumevaa makoti, tuna Biblia, sala tumeiandaa, na mioyoni tulitaka yaishe kabla ya magharibi. Tulisema yote kwa mara moja tukiwa bado hatujakaa vizuri. Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akasema, "Asanteni, wazee," akaingia ndani, akafunga. Tulirudi tumejaa hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyetukosea. Tuliyoyaeleza vijana juu ya mtu apandaye mbio kutoka kilindini, sisi wenyewe hatukuyasikia.

Safari ya pili alikwenda mzee mmoja na yule mwenyekiti wa akina mama, bila koti. Walikunywa chai. Hawakuomba msamaha siku ile. Waliomba awaeleze. Safari ya tatu vilevile. Safari ya nne alianza kusema mwenyewe, nao wakaandika katika daftari, kwa idhini yake, kila jambo mahali lilipolala. Siku tuliyochukua ufunguo. Nani alimtazama vipi. Uchumba wake uliovunjika kwa kuwa wazazi wa binti walisikia. Na mamaye. Mamaye alikuwa mshirika wetu, alikaa safu ya tatu, akashiriki Meza ya Bwana pamoja nasi miaka yote iliyofuata, na hakutuuliza kitu hata siku moja. Alikufa bila kujua kama mwanawe aliiba au hakuiba. Sisi tuliimba mazishini pake.

Jambo hilo, wapendwa, hatuna bomba la kulitolea wala dawa ya kulitibu. Tumeliandika tu katika daftari pamoja na mengine.

Daftari lilipojaa tulirudi sote. Tulimwomba msamaha, kila mmoja kwa kinywa chake na kwa jambo lake, na mtunza hazina alikuwa wa kwanza. Ndugu yetu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema hivi, nasi tunayasema kama alivyoyasema: "Wazee wangu, nimewasikia. Lakini mlininyamazia mbele ya watu, na sasa mnanisafisha sebuleni."

Alisema kweli. Jumapili mbili zilizopita mtunza hazina alisimama mbele ya kanisa letu, akaegemea mkongojo wake, akaeleza. Alikataa kiti. Baada yake tulisimama sisi wengine, tukasoma daftari lile tangu ukurasa wa kwanza, na kwa ruhusa ya mwenye mambo yake. Kuna akina mama waliolia. Kuna mshirika mmoja aliyetoka nje kwa hasira, naye hatumlaumu, kwa kuwa aliuza maandazi mengi kwa ajili ya mabati yale. Mtunza hazina anarudisha fedha kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wake wa uzee, na watoto wake wamekubali kumsaidia.

Lakini ndugu yetu hakuwapo. Alikuwa ametuambia kwamba hataingia tena mlango ule mpaka maneno hayo yasikike mbali kama uvumi ulivyosikika, na uvumi ulifika mpaka Changamwe. Alituambia pia kwamba kila Jumapili asubuhi, anapopiga pasi shati la kazi, redio yake huwa wazi katika kipindi hiki. Hatukumwahidi kitu, maana ahadi zetu amekwisha ziona. Tuliomba tu nafasi ya asubuhi hii, na ndugu wa redio wakatupa.

Hatutalitaja jina lako, kwa kuwa ulituomba tusilitaje. Wanaokujua watakujua. Ndugu yetu, kama unasikia: hukuiba. Hukuchukua hata senti moja katika kasha lile. Sisi wazee wa Junda tulikudhania, tukanyamaza, tukakuacha uondoke, na mama yako tulimwacha na swali hilo mpaka kaburini. Tunayasema haya tukiwa na akili zetu timamu, wanatusikia walio Kisauni, walio Likoni na walio Changamwe.

Daftari liko kwetu, nawe ndiwe utakayesema lifungwe lini. Ufunguo wa kanisa tumeutundika msumarini pale ulipokuwa ukiutundika. Ibada yetu huanza saa tatu. Njia unaijua.